Jibu la vekta limegoma? Anza kupekua hapa

Juzi jioni kijana mmoja wa kidato cha tano aliniletea daftari lenye swali la mpira uliopigwa kwa 20 m/s, pembe ya nyuzi 30 kutoka ardhini. Aliulizwa mpira utapanda juu kiasi gani. Jibu lake lilikuwa mita 20.

"Mita 20 ni kama nini?" nikamwuliza.

Akachungulia dirishani, akahesabu madirisha ya jengo la jirani. "Kama ghorofa ya sita hivi, mwalimu." Akanyamaza kidogo, kisha akacheka mwenyewe.

Nilipitia kazi yake mstari kwa mstari. Kuzidisha sawa, kugawanya sawa, kanuni sahihi. Kosa lilishafanyika kabla hajashika kalkuleta, pale alipoichukua ile 20 yote akaipeleka juu, kana kwamba mpira hauna safari nyingine ya kwenda mbele.

Ndiyo maana nimepanga mambo haya kwa dalili, si kwa mada. Angalia jibu lako limeharibika namna gani, tafuta dalili inayofanana nalo, soma hapo. Maneno matatu tu ya kukubaliana mapema: velositi ni kasi yenye mwelekeo, mchapuko ni kiasi velositi inavyobadilika kila sekunde, na kijenzi ni kipande cha vekta (kiasi chenye ukubwa na mwelekeo, tunachokichora kama mshale) kinachoelekea upande mmoja, wa mlalo au wa wima. Natumia g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, = 10 m/s² ili hesabu ziingie kichwani; mtihani ukisema 9.8, fuata mtihani. Upinzani wa hewa tunausahau.

Dalili: muda, kimo au umbali umetoka mkubwa kupita kiasi

Hii ndiyo ninayokutana nayo kuliko zote, na chanzo chake karibu kila mara ni kile cha kijana wangu: velositi nzima imeingizwa kwenye hesabu ya upande mmoja.

Velositi ya 20 m/s kwa nyuzi 30 ni mshale mmoja ulioinama. Upasue. Kipande cha mlalo ni 20 cos 30, yaani 17.3 m/s. Kipande cha wima ni 20 sin 30, yaani 10 m/s. Baada ya hapo ile 20 iweke kando, kazi yake imekwisha. Mvutano wa dunia unakula kijenzi cha wima peke yake: 10 m/s ikipungua kwa 10 kila sekunde inaisha baada ya sekunde 1, na hapo mpira uko mita 5 juu. Inakuja sekunde 1 nyingine ya kushuka. Jumla sekunde 2, na muda wote huo kijenzi cha mlalo hakijaguswa na chochote, kwa hiyo mpira unatua mita 34.6 mbele.

Sasa tazama alichopata yeye. Kwa 20 upande wa wima, mpira unapanda sekunde 2 na kufika mita 20. Muda umezidi mara mbili kwa sababu sin 30 ni nusu. Kimo kimezidi mara nne kwa sababu kwenye kanuni ya kimo velositi inazidishwa yenyewe kwa yenyewe. Ukiona muda wako ni mara mbili ya ule ulio nyuma ya kitabu, kimo mara nne, na pembe ni 30, usihangaike kutafuta kwingine.

Dawa yake ni ya karatasi, si ya akili. Piga mstari katikati ya ukurasa kutoka juu hadi chini. Kushoto andika MLALO, kulia andika WIMA. Kila namba ya swali ichague upande wake mmoja na ikae huko. Kinachoruhusiwa kuvuka mstari ni muda peke yake, kwa sababu saa ni moja: mpira hauwezi kutua kwa upande wa wima halafu uendelee kusafiri kwa upande wa mlalo.

Wapo wanaofanya hivyo kwa kutii tu, moyoni hawaamini kwamba pande hizi mbili hazijuani. Kama ni wewe, chukua sarafu mbili na meza. Weka moja ukingoni kabisa. Nyingine iweke karibu yake, kisha ichape kwa rula iruke mbele huku ile ya kwanza ikisukumwa kidogo tu na kudondoka. Usitazame, sikiliza. Zikitoka mezani pamoja utasikia mlio mmoja sakafuni, ting, ingawa moja imeangukia miguuni pako na nyingine imefika mlangoni. Meza ya sentimita 80 inazipa zote mbili sekunde 0.4 hewani. Galileo aliijenga hoja hii na kuichapisha mwaka 1638: mwendo wa mbele usiobadilika, ukijumlishwa na anguko linaloongezeka kasi, hutoa mchirizo wa parabola. Hakuwa na kalkuleta.

Dalili: vijenzi vimebadilishana nafasi

Mwanafunzi amekariri kwamba "cos ni mlalo, sin ni wima". Inamfaa mpaka siku swali linaposema pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye wima, au linapotoa uelekeo wa dira kama Kaskazini nyuzi 30 Mashariki, ambako pembe inahesabiwa kuanzia kaskazini. Hapo alichokariri kinamgeuka.

Usikariri. Ifinye pembe kichwani mpaka iwe 0 na ujiulize kijenzi kipi kimekufa. Kama pembe inapimwa kutoka ardhini na imefika 0, mshale umelala chali, hauna kitu cha wima. Kwa hiyo wima ndio wenye sin, maana sin 0 ni 0. Kama pembe inapimwa kutoka kwenye wima na imefika 0, kilichokufa ni mlalo, na sin inahamia huko. Sekunde tano, huhitaji kitabu.

Dalili: kijenzi kimekuwa hasi bila sababu, au namba haifanani na kitu chochote

Umeandika 20 sin 30 na kalkuleta imekupa −19.8. Kalkuleta yako iko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe kisicho nyuzi. Andika sin 30 peke yake: ikija 0.5 uko kwenye nyuzi, ikija −0.988 uko kwenye radiani, na ikija 0.454 kuna mtu ameiweka kwenye gradi, kipimo cha tatu cha pembe. Kwenye kalkuleta nyingi za shuleni kuna herufi ndogo juu ya kioo, D, R au G. Itazame kabla ya kila mtihani, hasa kama kalkuleta ni ya kuazima.

Kuna tahadhari moja hapa ambayo wengi hawaisemi. Tumezoea kuhakiki vijenzi kwa Pithagoras: kimoja kikizidishwa chenyewe, kingine vivyo hivyo, ukijumlisha na kutafuta kipeuo cha pili urudi kwenye 20. Kipimo kizuri, lakini kosa la radiani hakilioni. Ile −19.8 na mwenzake 3.09 wanarudi kwenye 20 vilevile. Hata sin na cos zikibadilishana, Pithagoras anakupitisha kwa tabasamu. Anakamata makosa ya kuzidisha tu. Ya pembe uyakamate mwenyewe kwa kuuangalia mchoro: pembe ni ndogo kuliko 45 kutoka ardhini, basi kijenzi cha mlalo lazima kiwe kirefu kuliko cha wima.

Dalili: kalkuleta inaandika "Math ERROR" unapotafuta muda

Mpira wetu uleule, 20 m/s kwa nyuzi 30, lakini sasa unapigwa kutoka juu ya paa lenye kimo cha mita 15. Utatua baada ya muda gani?

Mwanafunzi anaandika 15 = 10t − 5t². Anapanga, anapata t² − 2t + 3 = 0, na ndani ya kipeuo cha pili kunatokea −8. Kalkuleta inagoma. Anaifuta, anaandika upya, inagoma tena, anaanza kuilaumu betri.

Kalkuleta haijakosea. Umeiuliza: mpira utafika lini mita 15 juu ya paa? Nayo inajibu kwamba hautafika kamwe, maana tumeshaona unapanda mita 5 tu. Ardhi iko chini ya paa. Ukichagua juu kuwa chanya, mpira unapotua umehama kwa −15. Andika −15 = 10t − 5t², upate t² − 2t − 3 = 0, na majibu ni 3 na −1. Chukua 3. Ile −1 nayo si takataka: inasema kwamba kama mpira huu ungekuwa umetokea ardhini na kupita pale paani ukiwa njiani, ungekuwa umeondoka ardhini sekunde 1 kabla.

Kwa sekunde 3 hizo mpira unasafiri 17.3 × 3, karibu mita 52 mbele. Hapa ndipo wanaotumia ile kanuni fupi ya masafa, u² sin 2θ gawanya kwa g (u ni kasi ya kuanzia, θ ni pembe kutoka ardhini), wanapoanguka. Inawapa 34.6. Kanuni ile ni ya mpira unaotua kwenye usawa uleule ulioondokea, basi. Kwa maoni yangu inafundishwa mapema mno. Mtu akishaionja hataki tena kupasua vekta.

Ukitaka kuhakiki, tafuta kasi ya kutua kwa njia mbili. Wima: 10 − 30 = −20. Mlalo: 17.3. Pithagoras anatoa 26.5 m/s. Njia ya nishati: 20² + 2 × 10 × 15 ni 700, na kipeuo chake ni 26.5. Zikikubaliana, lala usingizi.

Dalili: umeandika kwamba kileleni velositi ni sifuri

Kijenzi cha wima ndicho sifuri. Mpira bado unakwenda mbele kwa 17.3 m/s, la sivyo ungesimama hewani kisha udondoke wima kama embe. Na mchapuko kileleni ni uleule 10 kuelekea chini. Haupumziki hata hapo.

Dalili: mwelekeo umetoka kinyume kabisa cha mchoro

Umetembea mita 4 magharibi na mita 3 kaskazini. Kalkuleta inasema pembe ni −36.9, yaani kusini-mashariki. Tan inaona uwiano tu, 3 kwa −4, na uwiano huo ni sawa na wa −3 kwa 4. Haijui minasi ilikuwa ya nani. Kijenzi cha mashariki kikiwa hasi, ongeza 180: unapata 143.1 kutoka mashariki, ambayo ni kaskazini-magharibi kama miguu yako inavyojua.

Dalili: upepo unaharakisha chombo ulipotarajia ukichelewesha

Hili kosa ni la lugha, na sisi wa pwani tusingepaswa kulifanya. Upepo huitwa kwa kule unakotoka. Kusi inatoka kusini, kwa hiyo mshale wake kwenye karatasi unaelekea kaskazini. Kaskazi inatoka kaskazini, mshale unashuka. Mkondo wa maji huelezwa kinyume chake, kwa kule unakokwenda. Ukanda wetu wa pwani ya Tanzania una mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima, na msimu wa kusi unakaza zaidi. Kwa hiyo upepo "wa kusini" na mkondo "wa kaskazini" ni mishale miwili inayotazama upande mmoja, na mwanafunzi aliyesoma majina tu ataitoa badala ya kuijumlisha. Ndege ndogo inayokwenda 60 m/s kutoka Dar kuelekea kaskazini, ikisukumwa na kusi ya 10 m/s, inapita juu ya bahari kwa 70, si 50.

Dalili: swali la "inaonekanaje kwa aliye ndani ya chombo" limetoka kichekesho

Mvua inanyesha wima kwa 8 m/s. Wewe uko kwenye bodaboda, 36 km/h. Mvua unaionaje?

Kwanza gawanya kwa 3.6: kasi yako ni 10 m/s. Asiyebadilisha anachanganya 36 na 8 na kupata mvua inayokuja karibu mlalo. Pili, velositi ya mvua kwa mtazamo wako ni ya mvua toa ya kwako, si jumlisha. Kutoa vekta ni kuugeuza mshale wake kisha kujumlisha, hivyo 10 yako inageuka kuelekea nyuma. Mvua inakujia usoni kwa pembe ya nyuzi 51 kutoka kwenye wima. Aliyejumlisha anapata mvua inayompiga mgongoni. Abiria anayejibanza nyuma ya dereva amelitatua swali hili zamani.

Dalili: swali la kuvuka maji limekupa muda usio sahihi

Nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linaloumbua watu wazima pia. Chukua mlango wa maji kama ule wa Magogoni na Kigamboni, ambako maji huingia na kutoka na kujaa na kupwa. Tuseme upana ni mita 300, boti inakwenda 4 m/s ndani ya maji, na maji yanakwenda 3 m/s kukatiza. Mkondo wa namna hiyo ni mkali, mimi ningeomba kushuka. Nimechagua namba hizo kwa sababu zinazaa 5.

Nahodha anaelekeza uso wa boti moja kwa moja ng'ambo. Atavuka kwa muda gani?

Jibu la haraka: kasi kwa anayetazama kutoka nchi kavu ni 5 m/s (na si 7, mishale inayokatana kwa pembe mraba haijumlishwi kama bei za nyanya), kwa hiyo 300 ÷ 5 ni sekunde 60. Limekosewa. Mita 300 ni za kukatiza, na 5 ni ya mshazari. Umeoanisha umbali wa upande mmoja na kasi ya upande mwingine. Kasi ya kukatiza ni 4 tu, kwa hiyo sekunde 75. Mkondo hauongezi wala haupunguzi hata sekunde moja. Unachofanya ni kuipeleka boti mita 225 pembeni ndani ya muda huo. Ukipenda mshazari, tumia mshazari wote: njia nzima ni mita 375, gawanya kwa 5, inarudi 75.

Swali la pili: aelekeze wapi ili afike ng'ambo palepale mkabala? Hapa watu wanaandika tan θ = 3/4, nyuzi 36.9. Jaribu kuiendesha boti kwa pembe hiyo. Kijenzi chake cha kupingana na mkondo ni 4 sin 36.9, yaani 2.4. Mkondo una 3. Bado unasukumwa kwa 0.6 kila sekunde, na unapogusa ng'ambo umepitiliza mita 56. Chanzo cha kosa ni mchoro: ile 4 imechorwa kama upande wa pembe mraba, wakati sasa ndiyo kiegama, upande mrefu. Boti inaelekezwa mshazari, na 4 ni urefu wa huo mshazari. Kwa hiyo sin θ = 3/4, nyuzi 48.6 kuelekea mkondo unakotoka. Kasi inayobaki ya kukatiza ni kipeuo cha 16 − 9, karibu 2.65 m/s, na safari inachukua sekunde 113. Kufika mkabala kunagharimu muda.

Mkondo ukifika 5 m/s, sin θ inakuwa 1.25 na kalkuleta inagoma tena. Kama kule paani, haijaharibika. Hakuna pembe ya kumfikisha mkabala mwenye boti ya 4. Akielekeza boti vizuri kuliko vyote atapitiliza mita 225, na akielekeza moja kwa moja, mita 375. Mwenye ngalawa hahitaji hesabu hii. Anapanda kwanza kandokando ya ufuko kuelekea mkondo unakotoka, pale ambapo maji ni mapole, ndipo anakata, akijua ni wapi maji yatamtua.